Barafu ya Ggaba: Safari ya Sangara Kutoka Ziwani Hadi Sahanini

Kampala ni mji wa vilima. Mgeni afikapo huonyeshwa Mengo, Kibuli, Namirembe, Rubaga, Nakasero na Kololo, na huambiwa kwamba hapo kale vilima vya mji vilihesabiwa kuwa saba. Aghalabu mgeni huyo haambiwi kwamba nyuma ya vilima hivyo, upande wa kusini, liko ziwa lililo kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika. Mji umeligeuzia ziwa mgongo, ilhali hauwezi kuishi siku moja bila ya ziwa hilo. Sehemu kubwa ya maji ya mifereji ya Kampala husafishwa katika mitambo ya Ggaba, na samaki wanaokaangwa jioni kando ya barabara za mji walitoka katika maji hayo hayo.

Makala haya yahusu samaki mmoja na kitu kimoja. Samaki ni sangara, ambaye Waganda humwita mputa. Kitu ni barafu. Atakayevifuata viwili hivi, tangu mwaloni hadi jikoni, ataona kwa nini samaki aliyejaza ziwa zima amekuwa adimu katika sahani za watoto wanaokaa karibu na ziwa lenyewe.

NJIA YA ZIWANI

Msafiri atakaye kwenda Ggaba hupanda teksi ya abiria mjini, akapita Nsambya penye kambi kubwa ya polisi, kisha Kabalagala, Kansanga na Bunga. Mwendo ni kilomita kumi na ushei. Kila baada ya kilima barabara huteremka zaidi, hewa hubadilika, na hatimaye, baina ya mapaa ya mabati, huonekana maji ya rangi ya kijivu yasiyo na ng'ambo.

Heri msafiri afike mapema. Kabla ya jua kuwa kali, mitumbwi ya mbao hurudi kutoka ziwani na mingine kutoka visiwani, ikiwa na samaki, mikungu ya ndizi, magunia ya makaa na abiria waliojifunika mashuka kwa sababu ya baridi ya usiku. Vijana huingia majini hadi kiunoni kupokea mizigo. Ndege wakubwa wenye vipara, ambao Kampala nzima huwaita kalooli, husimama juu ya mapaa wakingoja matumbo ya samaki kwa subira ya wazee wa baraza.

Asubuhi moja ya Jumamosi, miongoni mwa wanunuzi walioteremka Ggaba alikuwako mama mmoja mwenye beseni la plastiki, mke wa askari polisi wa kikosi cha majini. Mumewe alikuwa arudi siku hiyo baada ya majuma kadhaa ya zamu visiwani, naye mama alikuwa amekusudia kumpikia mputa. Habari zake zitarejewa baadaye, kwa maana hata yeye alipofika mwaloni hakukuta samaki kwanza. Alikuta barafu.

Gari lenye sanduku lililozibwa lilikuwa limesimama kando ya meza za wauzaji. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa ulitoka ukungu mweupe, na kijana mwenye koleo akaanza kuchota barafu iliyosagwa na kuimwaga katika makasha yenye kuta nene. Watoto waliokuwa wakipita kwenda kuchota maji waliokota vipande vilivyodondoka, wakavitia mdomoni, wakacheka.

BARAFU YA NCHI ZA BARIDI

Ziko nchi ambazo watu wake hufuata barafu kwa sababu nyingine kabisa. Katika nchi kama Finland na Urusi, maji ya maziwa na ya mabwawa ya milimani huganda juu wakati wa baridi kali. Mvuvi huliendea ziwa kwa miguu. Akifika mahali apapendapo hutoboa tundu kwa keekee kubwa, huketi juu ya kigoda, na huteremsha mshipi mfupi wenye ndoana moja. Anayemtafuta aghalabu ni sangara wa Ulaya, samaki mwenye milia ya kusimama ubavuni na mapezi mekundu, ambaye mara nyingi hazidi shibiri moja kwa urefu.

Msomaji atauliza: samaki anaishije chini ya barafu? Jibu limo katika tabia ya maji yenyewe. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na joto la nyuzi 4, si yanapoganda. Kwa hiyo maji ya nyuzi 4 huzama chini, na barafu, iliyo nyepesi, huelea juu mfano wa blanketi. Samaki hukaa chini katika maji yasiyoganda, akijongea polepole hadi majira yageuke.

Uvuvi huo una hatari zake. Wazoefu husema kwamba mtu mmoja asikanyage barafu ambayo unene wake haufiki sentimita 10. Mabwawa ya umeme ya milimani ndiyo yanayoogopwa zaidi. Huko maji hufunguliwa kwenda kuzungusha mitambo, kina hupungua, na barafu hubaki juu ikiwa haina maji ya kuishikilia. Mvuvi huiona nyeupe na imara kama jana, kumbe chini yake pana uwazi.

Katika Uganda barafu ya asili ya kudumu iko juu ya vilele vya Ruwenzori tu, nayo imepungua sana tangu Duke wa Abruzzi alipovipanda vilele hivyo mwaka 1906. Hakuna Mganda aliyepata kutembea juu ya Nalubaale, jina ambalo wenyeji huliita ziwa lao. Barafu ya Ggaba hutengenezwa kwa mashine na hufika kwa gari. Walakini kati ya mvuvi wa milima ya baridi na mvuvi wa Ggaba yapo mambo mawili yanayofanana: wote hutafuta samaki aitwaye sangara, na wote wawili huvua katika bwawa.

ZIWA LILILO BWAWA

Kwamba Ziwa Viktoria ni bwawa, si neno la mzaha. Uso wake uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maana yake mtumbwi wa Ggaba huelea juu ya bandari ya Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita moja. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 68,800. Ukubwa huo hauendi sambamba na kina, kwani mahali palipo na kina kirefu ni kiasi cha mita 80 tu. Ni mfano wa sinia, wala si mtungi.

Mlango wa kutokea wa sinia hilo ni mmoja, Mto Nile pale Jinja, kiasi cha kilomita 80 mashariki ya Kampala. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth wa Uingereza alifungua rasmi bwawa la umeme la Maporomoko ya Owen, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale. Maporomoko ya Ripon, yaliyokuwa kizingiti cha asili cha ziwa, yalifunikwa na maji. Tangu hapo maji yatokayo ziwani hupita katika milango iliyojengwa na binadamu.

Bwawa haliwezi kuamuru mvua. Mvua kubwa za miaka ya mwanzo ya 1960 zilipandisha ziwa kwa zaidi ya mita mbili. Mei 2020 maji yalifikia mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, yakapita kidogo kiwango cha mwaka 1964. Katika mwambao wa Kampala maji yaliingia sokoni na majumbani, na wengi wakahama. Ziwa, ijapokuwa limewekewa mlango, halijasahau mipaka yake ya zamani.

SAMAKI ALIYELETWA

Sangara hakuwa mwenyeji wa Ziwa Viktoria. Kwao ni Ziwa Albert na Nile ya chini. Alizuiwa asipande juu na Maporomoko ya Murchison, mahali ambapo mto wote hujibana katika ufa mwembamba wa mwamba na kuanguka kwa kishindo. Hakuna samaki awezaye kuuruka ukuta ule. Aliyemvusha ni binadamu.

Katika miaka ya 1950 maofisa wa uvuvi wa serikali ya kikoloni walimwona sangara kuwa samaki wa faida, awezaye kula samaki wadogo wasiotakiwa sokoni na kuwageuza nyama nyingi. Katikati ya miaka hiyo alitiwa katika Ziwa Kyoga. Wataalamu walibishana juu ya Ziwa Viktoria. Wengine walisema atawamaliza samaki wenyeji, wengine wakasema ataleta neema. Wakiwa wangali wanabishana, mwaka 1960 sangara alinaswa katika Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Mnamo mwaka 1962 na 1963 wengine walitiwa kwa makusudi na kwa idhini, Entebbe na Kisumu.

Kwa miaka karibu ishirini alionekana kwa uchache. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ziwa lilijaa sangara. Samaki huyu huweza kufikia urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kilo 200. Akiwa mchanga hula kamba wadogo na wadudu wa majini. Akikua hula samaki, hata watoto wa jamii yake mwenyewe. Walioumia kwanza ni nkejje, samaki wadogo wenye rangi nyingi ambao Tanzania huitwa furu. Ziwa lilikuwa na aina zao zipatazo 500, na inakadiriwa kwamba aina 200 au zaidi zilitoweka. Ngege wa asili naye karibu akatoweka.

Kwa Waganda nkejje hakuwa samaki wa kupuuzwa. Akina mama walimkausha, wakamsaga, wakampa mtoto aliyedhoofika au aliyetoka katika surua. Alikuwa chakula na dawa, na alipatikana kwa bei ya masikini. Hivyo faida ya sangara ilipopimwa kwa tani, hasara yake ilipimwa kwa kikombe cha uji wa mtoto.

KAZI YA BARAFU

Sangara alipoanza kujaa, wengi hawakujua wamfanyeje. Samaki wadogo waliweza kuanikwa juani wakakauka. Sangara ni mkubwa na ana mafuta, na akianikwa huoza kabla ya kukauka. Njia iliyokuwapo ilikuwa kumkaanga au kumbanika kwa moshi, na moshi hutaka kuni. Miti mingi ya mwambao na ya visiwani ilikatwa kwa sababu hiyo.

Barafu ndiyo iliyobadili mambo. Katika joto la Kampala samaki aliyekufa asubuhi na kuachwa hivi hivi hafai kuliwa kesho yake. Vijidudu vya uozo huzaana upesi katika joto na hulegea katika baridi. Samaki wa maji ya nchi za joto akifunikwa vizuri kwa barafu tangu mtumbwini huweza kukaa majuma mawili au zaidi akiwa bado anafaa. Kwa kawaida wataalamu hushauri kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki.

Siri ya barafu ni kwamba hufanya kazi kwa kuyeyuka. Joto linaloyeyusha kilo moja ya barafu lingetosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Joto hilo barafu hulinyonya katika mwili wa samaki. Kwa hiyo mwenye duka asisikitike kuona barafu yake inapungua. Kama haipungui, haifanyi kazi. Linalodhuru ni kuyaacha maji yaliyoyeyuka yakituama, samaki akaoga katika uchafu wake.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vya minofu vilijengwa Kampala, Jinja, Entebbe na kwingineko. Boti zenye makasha ya barafu zilianza kuzunguka visiwani kununua samaki papo hapo. Sangara alikatwa minofu, akapozwa, akapelekwa uwanja wa ndege wa Entebbe. Aliyetoka ziwani mwanzoni mwa juma aliweza kuliwa Ulaya kabla ya juma kwisha. Samaki akawa miongoni mwa mauzo makubwa ya Uganda nje, na mwaka 2005 mauzo hayo yalipita dola milioni 140.

Neema hiyo ilikuja na mafunzo makali. Mwaka 1997 baadhi ya nchi za Ulaya zilizuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya usafi. Mwaka 1999, zilipoenea habari za watu kuvua kwa sumu, soko la Ulaya lilifungwa tena. Mialo ikajengewa sakafu za saruji, mabomba ya maji safi na mahali pa kupimia. Taifa lilijifunza kwamba mtu mmoja mwenye chupa ya sumu anaweza kufunga mlango wa maelfu. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba samaki mmoja akioza, wote huoza.

KINACHOBAKI MEZANI

Mwenye barafu ndiye mwenye uwezo wa kungoja, na mwenye kungoja ndiye apangaye bei. Kabla ya barafu, mvuvi aliyepata sangara mkubwa jioni alilazimika kumuuza upesi kijijini, na kijiji kikala. Barafu ilipofika, samaki yule yule aliweza kumngoja mnunuzi wa mbali mwenye fedha nyingi. Mvuvi alifaidika, kiwanda kilifaidika na hazina ya taifa ilifaidika. Mama wa Kampala aliachiwa kichwa na mifupa iliyokwisha kuondolewa minofu, ambayo katika nchi za ziwa huitwa mgongo wazi.

Hata utumbo wa sangara haukubaki. Bondo lake, yaani kifuko cha hewa kimsaidiacho kuelea, hukaushwa na kupelekwa China na Hong Kong, ambako huliwa kama chakula cha heshima. Kwa uzito wake bondo ni ghali kuliko mnofu. Samaki mkubwa amekuwa na thamani hata kabla hajapasuliwa, na kila mtu mwaloni anajua hivyo.

Hapo ndipo ulipo mtihani. Samaki wakubwa wakiisha pungua, macho huwageukia wadogo, na barafu haiulizi umri. Humhifadhi mtoto wa samaki sawasawa na mzee wake.

INCHI ISHIRINI

Sheria ya uvuvi ya Uganda inakataza kuvua, kuuza au kusafirisha sangara asiyefikia inchi 20, yaani kiasi cha sentimita 50. Sababu yake ni rahisi. Sangara lazima apate nafasi ya kukua na kuzaa, na jike huchelewa kuliko dume, akiwa na mwili mkubwa zaidi. Kumvua mapema ni kula mbegu. Nyavu za matundu madogo na makokoro, nyavu ndefu zinazokokotwa hadi ufukoni, hazichagui. Huwazoa wakubwa na wadogo pamoja na mazalio yao.

Mwaka 2017 Serikali ilikabidhi ulinzi wa uvuvi katika maziwa kwa kikosi maalumu cha Jeshi. Mitumbwi isiyotimiza vipimo na nyavu haramu zilikamatwa na kuchomwa. Wenye viwanda walisema sangara wakubwa walianza kuonekana tena. Kwa upande mwingine wavuvi wengi walilalamika kwamba walipigwa na kuharibiwa mali zao, na malalamiko hayo yalifika Bungeni. Mambo hayo mawili hayana budi kusemwa pamoja. Sheria inayolinda samaki ni ya haki, na haki hiyo huchafuka mara moja mkono unapomwangukia mwananchi kwa dhuluma. Askari mwenye ukanda wa kupimia na ulimi wa adabu hulihifadhi ziwa vizuri zaidi kuliko mwenye kiboko.

Yule mama aliyetajwa hapo awali alikuwa amezunguka meza zote. Sangara mzima wa halali alikuwako, akiwa amelazwa juu ya barafu, macho maangavu. Bei yake ilimzidi. Alikuwa anaondoka muuzaji mmoja alipomwita kwa sauti ya chini, akafunua gunia lililokuwa chini ya meza. Ndani yake walikuwamo sangara watatu wadogo, wabichi kabisa, wamefunikwa barafu safi.

"Nnyabo, chukua hawa. Nakupunguzia," alisema muuzaji.

Mama aliinama. Aliweka kiwiko chake penye ncha ya mdomo wa samaki na kuunyoosha mkono juu ya ubavu wake. Mkia uliishia kabla ya ncha za vidole.

"Ssebo, hawa ni watoto."

"Watoto ndio waliomo ziwani, nnyabo. Wakubwa wamekwenda Ulaya. Na mvuvi naye ana watoto wa kulisha."

Mama hakubishana naye, kwa maana maneno ya muuzaji hayakuwa uongo mtupu. Alitazama wale samaki kwa muda. Watatu hao wangetosha watu wote wa nyumbani kwake, na fedha ya kununulia unga ingebaki.

"Mume wangu kazi yake ni kuwakamata hawa," alisema hatimaye. "Nikimwekea sahanini, nitamwambia wametoka wapi?"

Akafunga gunia kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akanunua kichwa kimoja kikubwa cha sangara pamoja na mgongo wazi, na kikombe cha mukene wakavu kwa ajili ya uji wa mtoto. Muuzaji yule yule ndiye aliyemuuzia kichwa. Bila ya kuombwa alichota konzi mbili za barafu akazitia katika kaveera pamoja nacho.

KWA MWENYE JIKO

Kipimo alichotumia mama huyo ni kizuri kwa kila mnunuzi asiye na rula. Dhiraa ya mtu mzima, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ni kiasi cha inchi 18. Sangara wa halali sharti apite dhiraa moja na upana wa vidole vitatu. Akipungua hapo arudishwe mezani.

Upya wa samaki hutambulika kwa ishara nne. Macho yawe yametokeza na kung'aa, wala yasiwe yamezama na kufanya ukungu. Mashavu yakifunuliwa yawe mekundu. Nyama ikibonyezwa kwa kidole irudi mahali pake. Harufu iwe ya majani ya ziwani, isiwe kali. Barafu iliyorundikwa juu ya samaki isimdanganye mnunuzi, kwani barafu huchelewesha uozo lakini haiwezi kuuondoa uliokwisha ingia.

Asiye na jokofu anunue kiasi cha siku ile. Samaki atolewe matumbo na mashavu mara afikapo nyumbani, aoshwe kwa maji safi, na apikwe siku hiyo hiyo. Akiwa na barafu kidogo, aweke tabaka chini na tabaka juu katika beseni lililoinamishwa ili maji yatiririke, kisha afunike kwa gunia lililoloweshwa na kuweka kivulini.

Kichwa cha sangara kina nyama na mafuta mengi kuliko wengi wanavyodhani. Hukatwa vipande viwili au vinne, kikatiwa ndimu na chumvi. Vitunguu na nyanya hukaangwa kidogo, tangawizi iliyopondwa ikaongezwa, halafu maji. Mchuzi ukichemka vipande hutiwa na kuachwa kwenye moto wa polepole bila ya kukorogwa, visije vikavunjika. Wapendao huongeza karanga zilizosagwa. Huliwa kwa matoke au posho. Mtoto mdogo asipewe kabla nyama haijachambuliwa mifupa kwa vidole, kwa maana mfupa wa sangara ni mgumu na hukwama kooni.

JIONI

Teksi ya kurudi mjini ilichelewa Kansanga kwa sababu ya msongamano. Maji yalianza kudondoka kutoka katika kaveera, yakalowesha sakafu ya gari, na abiria aliyeketi jirani akasogeza viatu vyake bila ya kulalamika. Juu ya vilima jua lilikuwa kali. Nyuma, Ggaba, gari la barafu lilikuwa limekwisha ondoka, na makasha yaliyojaa minofu yalikuwa yakipakiwa kwa safari ndefu.

Jioni askari alifika kambini, uso umeungua kwa jua la ziwani. Alinawa, akaketi na wanawe, akafunuliwa sufuria. Aliuliza kichwa kile kilikuwa cha samaki wa ukubwa gani. Mkewe alinyoosha mikono yake miwili kadiri ilivyoweza kufika, na watoto wakacheka.

Barafu ya Ggaba ilikuwa imeyeyuka yote njiani. Kichwa kilifika kikiwa kibichi.